Wiki ya Kwanza ya Mwanagenzi Katika Afisi ya Kaunti, Sirisia

Mwanafunzi wa chuo anayeingia afisi ya kaunti Sirisia kwa mafunzo ya kazini huenda akatarajia siasa. Somo la wiki ya kwanza ni jingine: kumwelekeza mwananchi kwenye afisi inayofaa.

Chukua mfano wa mama aliyetoka Lwandanyi kwa bodaboda, akitafuta kitambulisho cha mwanawe. Hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Akiambiwa "ngoja hapa" na mtu asiyejua, atapoteza nauli na siku nzima.

Ndiyo maana mwanagenzi husomeshwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kaunti husimamia zahanati na vituo vya afya, masoko, chekechea, kilimo na barabara za kaunti. Serikali ya kitaifa hushughulikia vitambulisho, polisi, na shule za msingi na za upili. Hazina ya NG-CDF nayo ni ya eneobunge, wala si ya wadi.

Mwanagenzi pia huelezwa miiko ya kazi. Hapigii chama chochote debe akiwa kazini, na yaliyo kwenye fomu ya mwananchi hayapeleki sokoni.

Mkaazi wa Namwela, Malakisi au Lwandanyi, ukifika mezani eleza shida yako wazi. Ukielekezwa kwingine, uliza afisi ipi na karatasi zipi zinahitajika kabla ya kulipa nauli tena. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari hizo.