Mwendelezo na Maneno Jirani Yake

Kiingereza kina neno "sequel", lililotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuata. Neno hilo hutumika kwa kitabu kinachofuata kingine, na pia kwa jambo linalozaliwa na jambo lililotangulia. Katika utabibu, umbo lake la Kilatini hutumika kwa udhaifu au kilema kinachobaki mwilini baada ya ugonjwa kwisha. Aghalabu mfasiri huridhika na neno "mwendelezo", akalipachika katika nafasi zote tatu. Hapo ndipo upotofu unapoanza, maana Kiswahili hakikuyatia mambo hayo katika chungu kimoja. Tunakusudia hapa kuonyesha mipaka ya neno hilo.

Tuanze na umbo lake. Kitenzi endelea hutupatia mwendeleo, yaani hali ya jambo kwenda mbele lenyewe. Kitenzi endeleza hutupatia mwendelezo, na humu ndani yupo mtendaji aliyelishika jambo akalipeleka mbele. Basi hadithi ya gazetini iliyoandikwa chini yake "itaendelea" bado haijakwisha. Juma lifuatalo msomaji atapata sehemu yake nyingine, wala si mwendelezo wake. Mwendelezo huanza pale ambapo kazi ya kwanza ilikwisha kutimia na kusimama kwa miguu yake, kisha mtu akairudia na kuyapeleka mbele mambo yale yale.

Wakazi wa Mwenge, Kinondoni na Temeke walijifunza tofauti hii kwa gharama ya mifuko yao. Katika miaka ambayo filamu za Bongo ziliuzwa kwa diski, lilikuwa jambo la kawaida kisa kimoja kukatwa vipande viwili na kuuzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Aliyenunua ya kwanza peke yake aliachwa njiani. Jina "sehemu" lilikuwa sahihi kabisa, na aliyeiita diski ya pili mwendelezo aliipa cheo isichostahili. Hapo hapo Mwenge, penye soko la vinyago, fundi huchonga kinyago cha ujamaa kwa gogo moja la mpingo: watu waliobebana mabegani ni sehemu za kazi moja. Kama kesho angechonga kinyago kingine kuonyesha watu wale wale wakiwa wazee, hicho ndicho kingekuwa mwendelezo.

Katika vitabu vyetu mfano ulio wazi ni wa Shaaban Robert. Mwandishi huyu, aliyezaliwa mwaka 1909, alisimulia habari zake katika Maisha Yangu, kitabu kilichochapishwa mwaka 1949. Baadaye aliyaendeleza masimulizi hayo katika Baada ya Miaka Hamsini. Kazi hizi mbili zimepata kuunganishwa ndani ya jalada moja, lakini ya pili haikuacha kuwa mwendelezo. Kinyume chake, kisa kimoja kilichogawanywa katika majalada mawili ni kazi moja yenye juzuu mbili. Idadi ya majalada, kama idadi ya diski, haituamulii neno. Kinachoamua ni kutimia kwa kazi ya kwanza.

Kufanana kwa majina nako si hoja. Kusadikika na Kufikirika, vya mwandishi huyo huyo, vyote vinahusu nchi za kubuni, na majina yake yanakaribiana kama ya ndugu. Hata hivyo kila kimoja kina nchi yake, watu wake na mkasa wake. Navyo vitabu vya Muhammed Said Abdulla vyenye mpelelezi Bwana Msa, kama vile Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960 na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, vina mhusika mmoja, lakini kila kitabu hufungua fumbo lake na kulifunga. Huo tunauita mfululizo. Msomaji aweza kuanza na kitabu chochote, asipotewe na kitu.

Neno toleo lina kazi nyingine. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Akaipitia upya, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Jina lilibadilika na maneno yakarekebishwa, lakini tamthilia ni ile ile. Hilo ni toleo jipya. Kazi inayotungwa baadaye kueleza mambo yaliyotokea kabla ya kisa cha kwanza tungependelea kuiita hadithi tangulizi, isije ikachanganywa na utangulizi wa kitabu.

Uzito wa mipaka hii huonekana zaidi katika maandishi ya kazi. Tuseme mkataba wa lugha ya kigeni unampa mchapishaji haki ya matoleo yote yatakayofuata ya kitabu fulani. Mfasiri akiandika "miendelezo yote", mwandishi aweza kujikuta ametia sahihi kutoa hata vitabu ambavyo bado hajaviandika. Hospitalini vilevile, mtu aliyepooza mguu kwa polio utotoni hana "mwendelezo wa polio". Ugonjwa umekwisha, iliyobaki ni athari yake. Cheti kisemacho kwamba ugonjwa unaendelea chaweza kumnyima mtu huyo kazi anayoiweza.

Ofisini Kiswahili kimekwisha kujipatia neno lililo bora, nalo ni yatokanayo. Kila katibu wa mkutano analijua: ni mambo yaliyozaliwa na kikao kilichopita. Penye sababu na tokeo, tuseme matokeo. Tujihadhari pia na neno "kufuatia", ambalo siku hizi hubebeshwa maana ya "kwa sababu ya". Jambo laweza kufuata jingine bila kusababishwa nalo, na mwandishi wa taarifa ya ajali hana budi kueleza lipi kati ya hayo mawili analolikusudia.

Kwa hiyo twapendekeza mwendelezo litumike kwa kazi mpya inayopeleka mbele kazi iliyotimia. Na kwa kuwa neno hilo limetumika pia kwa namna ya kuandika neno herufi kwa herufi, maana hiyo iachiwe tahajia. Mfasiri anayesitasita na ajiulize swali moja: je, kazi ya kwanza ilikwisha? Kama haikwisha, anayo sehemu. Kama ilikwisha na mambo yake yamepelekwa mbele, anao mwendelezo. Kama ilikwisha na mhusika wake ameingia mkasa mwingine usioutegemea ule wa kwanza, anao mfululizo.