Acheni jiwe, washeni gari

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Nairobi ambaye tumefahamiana kwa ajili ya mbwa wake. Yeye na mumewe ni watu wa kupanda milima. Walianzia Karura, mbwa wakiwa kwenye kamba kama msitu ule unavyotaka, wakahamia Ngong, na sasa kila likizo uso wao uko kaskazini. Wameshapanda Ololokwe. Safari hii wanakwenda Marsabit, kisha wateremke hadi ukingo wa jangwa la Chalbi, na mbwa wao wawili nyuma ya gari. Akaniuliza, "Daktari, nitapata wapi jiwe la nyoka la pili? Tulilonalo ni moja na mbwa ni wawili."

Swali hili naulizwa kila likizo zinapokaribia, na kila mara najibu kwa adabu kwamba jiwe hilo halifai. Kwa mama huyu adabu ilinishinda, kwa sababu mmoja wa mbwa hao alilala siku sita katika kliniki yangu hapa Nanyuki, na jiwe hilo hilo lilikaribia kumuua.

Ilikuwa hivi. Walikuwa wamepiga hema kando ya luga, yaani mto mkavu, karibu na Archer's Post, wapande Ololokwe alfajiri. Saa moja jioni jike lao likachakura kichakani, likalia mara moja, likarudi likichechemea. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa na matone mawili ya damu. Nyoka hawakumwona. Wakatoa wembe, wakachanja mara tatu kuzunguka alama zile, wakabandika jiwe, wakalifunga kwa leso. Halafu wakakaa chini kusubiri, maana aliyewauzia aliwaambia jiwe likishashiba sumu huachia lenyewe. Liliachia saa sita usiku. Kufikia hapo mguu ulikuwa umevimba hadi begani na fizi zinatoa damu, ndipo wakawasha gari. Ni kama kilomita 120 hadi kwangu.

Nilipompokea nilimtoa damu kidogo, nikaitia katika kichupa cha kioo, kisafi na kikavu, nikakisimamisha mezani bila kukigusa kwa dakika 20. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala maabara. Damu ya mbwa mzima huwa imeshaganda muda huo, ukiinamisha kichupa donge linabaki limeshika chini. Ya mbwa huyu ilitiririka upande hadi upande kama maji. Kilichoniuma zaidi ni ile michanjo mitatu ya wembe. Alama za meno zilikuwa ndogo na karibu zimefungika, lakini michanjo ilikuwa bado inadondosha damu mezani, zaidi ya saa saba tangu ikatwe. Jeraha kubwa kuliko yote mwilini mwake lilikuwa la wembe.

Damu isiyoganda huko kaskazini hunifanya nimfikirie kwanza nyoka mmoja, yule mdogo wa mchangani ambaye wataalamu humwita Echis. Aghalabu hafiki urefu wa mkono wako. Akikasirika hujikunja na kusugua magamba yake, yakatoa sauti kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Sumu yake humaliza vile vitu vya damu vinavyoifanya igande, na baada ya hapo kila tundu la mwili ni bomba lililo wazi. Ukimchanja mbwa wa namna hiyo kwa wembe, umemfungulia bomba kwa mkono wako. Jike lile liliokolewa na dawa ya sumu ya nyoka iliyoletwa kutoka Nairobi kabla ya adhuhuri, na karibu nusu lita ya damu ya mwenzake, dume la kilo 35 ambaye alilala kwa upole kabisa tulipokuwa tukimtoa. Siku ya kumchukua, mama yule alinishukuru kwa machozi, kisha akaniambia, "Na lile jiwe lilimshikilia mpaka tukafika."

Halikumshikilia. Naomba nilieleze jiwe hili mara moja, kwa kirefu, nisirudie tena.

Jiwe la nyoka si jiwe. Moja la aina hiyo nililivunja nikalitazama kwa lenzi, na ndani lilikuwa na vitundu vingi vidogo kama sifongo. Ni mfupa wa ng'ombe uliokatwa vipande, ukafungwa usipate hewa, ukachomwa hadi ukawa mweusi. Katika nchi za Maziwa Makuu wamisionari walikuwa miongoni mwa waliolisambaza, na ndiyo maana hadi leo lina heshima ya dawa ya zahanati. Vitundu vile hunyonya majimaji. Libandike kwenye ulimi wako, litang'ang'ania. Libandike kwenye jeraha lililochanjwa, litanyonya damu na kung'ang'ania vilevile. Damu ikikauka au vitundu vikijaa, linaachia. Halijui kama lililonyonya ni sumu, damu au mate.

Kuna wanaonijia na hoja ya maziwa. Jiwe likishadondoka hutiwa katika maziwa, na mapovu yanayopanda huonyeshwa kama ushahidi kwamba sumu inatoka. Nilichukua jiwe jipya ambalo halijagusa kidonda chochote, nikalitia katika maziwa, mapovu yakapanda. Nikatia kigae cha mtungi uliovunjika, mapovu yakapanda. Nikatia chaki ya darasani, mapovu yakapanda. Ni hewa iliyokuwa ndani ya vitundu, inafukuzwa na majimaji yanayoingia. Mtungi wa bibi yako haujawahi kuumwa na nyoka.

Sasa tazama sumu yenyewe inakaa wapi. Meno ya bafe, yule mnene ambaye wengine humwita moma au kifutu, huzidi sentimita moja, na hufanya kazi ya sindano. Sumu haipakwi juu ya ngozi, hudungwa chini yake ndani ya nyama, na papo hapo huanza kusambaa katika tishu na mishipa ya limfu. Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mazoezi huwa nawapa paja la mbuzi kutoka buchani na sindano yenye rangi ya bluu. Wanadunga, wanangoja dakika moja, wanabandika jiwe juu ya tundu. Baada ya nusu saa jiwe lina doa la bluu dogo kama punje ya mtama. Tukipasua paja tunakuta rangi imetambaa ndani, vidole viwili kila upande. Na hiyo ni nyama iliyokufa. Mbwa aliye hai anatembea, moyo unapiga na limfu inasukumwa.

Asiyeridhika na paja langu ajue kwamba mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kulijaribu jiwe hili kwa panya waliodungwa sumu za nyoka wa Afrika, akiwemo bafe. Halikuonyesha faida yoyote.

"Lakini mbwa wa jirani alipona." Alipona, nakubali. Sehemu kubwa ya nyoka wetu hawana sumu ya kumdhuru mbwa. Hata wenye sumu, mara nyingi huuma bila kuidunga, au hudunga kidogo sana, kwa sababu sumu ni silaha yao ya kuwinda na hawaitapanyi kwa kiumbe wasichoweza kukimeza. Juu ya hapo, wenye mbwa wengi kama huyu mama hawakumwona nyoka. Yawezekana alikuwa nge au mwiba wa mgunga. Mbwa wote hao wakibandikwa jiwe watapona, na wakibandikwa kipande cha ugali watapona pia. Aliyedungwa sumu ya kutosha hufa jiwe likiwa mguuni, lakini huzikwa porini na hakuna anayerudi sokoni kumsimulia muuzaji.

Kauli inayonikera kuliko zote ni ya wale waungwana wanaosema, "Daktari, hata kama halisaidii, halidhuru." Linadhuru. Linadai wembe, na mguu uliovimba hauhitaji wembe. Linadai ulifunge kwa nguvu, na kufunga hukaba damu katika mguu ambao tayari nyama yake inaoza. Kuliko yote, linadai usubiri. Jike lile lilipoteza saa tano kando ya luga, na saa tano ndizo zinazoamua kama nitampa mbwa dawa au nitamfunika shuka. Dawa ya sumu ya nyoka huikamata sumu ambayo bado inazunguka mwilini, hairudishi nyama iliyokwisha kuoza wala figo iliyokwisha kufa. Kile kijiwe cha bei ndogo kinauza muda wa mbwa wako, na muda haununuliki tena.

Hayo hayo nayasema juu ya maziwa ya kunyweshwa, mafuta ya taa, tumbaku, waya wa betri ya gari, na kunyonya jeraha kwa mdomo. Sitayaeleza moja moja. Yote yaacheni.

Ya kufanya sasa, haraka.

Kamba kwanza. Mbwa huumwa usoni na miguu ya mbele kwa sababu ananusa. Bafe hakimbii, hulala tuli akifanana na majani makavu hadi pua imfikie. Kamba fupi ya mita mbili, mbele yako njia unayoiona, na giza likiingia mbwa asiachiliwe kuzurura kambini.

Akiumwa, mwondoe pale. Usimsake nyoka. Picha ukiipata ukiwa mbali ni vyema, usipoipata twende. Mvue ukosi, kwa kuwa uso na shingo huvimba. Asitembee tena, mbebe, hata kama ni kwa shuka ya watu wawili. Usimpe dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni huongeza kutoka damu na kuua figo. Andika saa aliyoumwa. Washa gari, piga simu ukiwa njiani ili daktari aanze kutafuta dawa kabla hujafika.

Dawa yenyewe ni ghali na hukosekana. Kenya huiagiza kutoka nje, hutengenezwa kwa damu ya farasi, na si kila dawa inafaa kila nyoka, kwa mfano ya bafe huenda isimfae aliyeumwa na Echis. Tena msitegemee kwamba mbwa mdogo atahitaji kidogo. Nyoka hakumpima uzito kabla ya kumdunga, kwa hiyo mbwa wa kilo 12 huweza kuhitaji chupa nyingi kama mtu mzima. Jiandaeni kifedha kabla ya safari, mazungumzo hayo saa nane usiku mlangoni kwangu ni mateso kwetu sote.

Swila akimtemea macho, maji mengi na safi, dakika 15 hadi 20 bila kuchoka, kisha daktari. Pwani yetu na nyanda kavu zina swila mtema mate mkubwa kuliko wote duniani, aliyetambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Watamu. Mate yake yakikaa jichoni huunguza konea.

Joto nalo. Kaskazini nimepoteza mbwa wengi kwa jua kuliko kwa nyoka, na hakuna anayenipigia simu kuuliza jiwe la jua. Mbwa hatoki jasho la maana, hupoza mwili kwa kuhema. Tembeeni alfajiri, saa tatu asubuhi muwe kivulini. Bandika kiganja chako juu ya mwamba, ukishindwa kuhesabu hadi saba, nyayo zake zitababuka. Akianza kuyumba na fizi kuwa nyekundu sana, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, ndipo umpakie garini. Msimnyoe manyoya, yanamkinga jua.

Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya distempa, na cheti mkononi. Mwaka 2017 distempa iliua makundi ya mbwa mwitu hapa Laikipia, na mbwa wa kufugwa asiyechanjwa anaweza kuwapelekea wanyama hao adimu maradhi ya aina hiyo. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa kabisa. Katika ardhi ya jamii, ombeni ruhusa kwa wenyeji kabla ya kushusha mbwa, kwa sababu kuna mbuzi wa watu.

Yule mama na mumewe wanaondoka Ijumaa. Jana jioni mzee wake alinitumia orodha yao ya safari niikague. Ina nambari tatu za simu za madaktari wa mifugo, mmoja Isiolo na wawili Marsabit, na amewapigia wote kuuliza nani ana dawa ya nyoka kwenye friji. Mmoja tu anayo. Ina kamba mbili, shuka ya kubebea, lita 20 za maji ya mbwa peke yao. Chini kabisa mkewe ameandika kwa mkono wake kwamba jiwe linabaki nyumbani, na wembe ameutoa kwenye sanduku la huduma ya kwanza.