Cheti cha Uongozi Kipo, Kiti Kiko Wapi?

Kabla ya mwaka 2003, katika kila wajumbe 100 wa bodi za makampuni makubwa ya Norway, wanawake hawakufika hata 10. Mwaka huo bunge lao likapitisha sheria: kila jinsia iwe na takribani asilimia 40 ya viti. Makampuni yaliyokuwepo tayari yalipewa muda hadi mwanzoni mwa 2008, na adhabu ya kukaidi haikuwa faini ya kulipa na kusahau. Kampuni ingevunjwa.

Chama cha waajiri cha huko, NHO, hakikuipenda sheria hiyo, lakini kilianzisha programu ya Female Future. Mwajiri anamteua mfanyakazi wake mwanamke, naye anafundishwa uongozi, kazi za bodi na kuzungumza mbele za watu. Baadaye programu ikaja kwetu kupitia Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, ikaitwa Mwanamke Kiongozi.

Ni programu nzuri, sibishi. Ila mafunzo yalipopanda ndege kuja huku, sheria ilibaki Oslo. Kule mhitimu alikuta kiti kinamsubiri. Sisi tuna asilimia 30 ya viti maalumu bungeni, lakini kwenye bodi za makampuni binafsi hakuna kiwango kama hicho. Mtu anahitimu, anapiga picha na cheti, Jumatatu anarudi kwenye meza ileile.

Halafu kuna jambo ambalo hata Norway halikuisha kwa sheria. Bodi zilijaa wanawake, lakini kiti cha mkurugenzi mtendaji kiliendelea kuwa cha wanaume kwa miaka mingi. Kwa nini? Mkurugenzi hatoki hewani. Mara nyingi anatokea kwenye idara zinazoshika pesa: fedha, uendeshaji, mauzo. Kampuni niliyofanyia mafunzo kwa vitendo ilikuwa na wakuu wa idara wawili wanawake, mmoja rasilimali watu, mwingine mawasiliano. Hao wanatambulishwa vizuri kwa wageni, ila hesabu za kampuni hawazigusi.

Ndiyo maana naona semina peke yake haitoshi. Mlezi anakushauri, anakunywesha kahawa. Unayemhitaji zaidi ni yule anayetaja jina lako kwenye kikao ambacho hukualikwa, nafasi ya idara ya fedha inapojadiliwa. Mtaani tunaita kubebwa, na tunaitamka kama tusi, kumbe wenzetu wa kiume wanabebwana kila siku na hakuna anayeshangaa.

Kwa hiyo waajiri wakija chuoni na mabango yao ya ujumuishi, msiwaulize kama wana programu, maana wote watasema wanayo. Waulizeni waliohitimu mwaka juzi wako idara gani leo. Na kama kampuni iko Soko la Hisa la Dar es Salaam, fungua taarifa yake ya mwaka uhesabu mwenyewe. Wajumbe wa bodi huwekwa kurasa za mwanzo, mara nyingi na picha zao.