Prana: Ni Pumzi au Ni Roho?

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Mimi, msomaji mpenzi, nalitaka kuambiwa.

Nina pumu tangu utotoni. Mwezi uliopita daktari alinishauri niongeze, juu ya dawa zangu, mazoezi ya kuvuta pumzi katika darasa moja la yoga huko Parklands. Nikasita. Mtu niliyelelewa chuoni, nitakwendaje kufunzwa jambo lililotoka katika dini ya Wahindu? Na neno lenyewe, pranayama, sikulijua.

Ijumaa, nilipotoka msikiti wa Jamia, nilipita mtaa wa Biashara kwa mzee wa Kihindu aniuziaye vitambaa vya kanzu. Nikamuuliza: "Mzee mwenzangu, prana ni nini?"

Akaweka mkasi chini, akanihadithia kisa kilichomo katika Chandogya Upanishad, kitabu chao cha kale. Ulimi, jicho, sikio na akili vilishindana na prana kwa ukubwa. Kila kimoja kikaondoka mwaka mzima. Mwili ukawa bubu, kipofu, kiziwi, kisha kama mtoto asiyetambua, lakini ukaishi. Prana ilipoinuka kutaka kwenda, vyote vikang'oka kama vigingi vya farasi. Vikaisihi ibaki.

Basi prana ni pumzi, tena ni uhai unaoshika viungo vyote. Ayama ni kurefusha au kuzuia. Katika mafunzo ya Patanjali, pranayama ni daraja ya nne katika nane. Hutuliza akili, na mwisho wa safari ni nafsi kujitenga na maumbile.

Hapo ndipo njia zetu zinapoachana. Sisi tumefunzwa katika Sura ya Al-Israa kwamba roho ni jambo la Mola. Lakini kujua si kufuata. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, alikifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu miaka elfu moja iliyopita, na Uislamu wake haukupungua. Na Kiarabu chenyewe kimezaa nafsi na nafasi ya kuvuta pumzi katika shina moja. Kiswahili nacho kimetoa pumzi na kupumzika.

Jumamosi nalikwenda Parklands. Nilimwomba mwalimu, bibi wa makamo, anisamehe katika kuimba "Om". Akanambia: "Hapana neno, mzee. Wewe vuta pumzi tu."

Nikaivuta, nikaitoa polepole, kifua kikalegea. Na anipaye pumzi hiyo namjua.