Wigi la Misri halikuwa kofia ya kipara

Ukitaja nywele za Misri ya kale, picha inayokuja ni ileile ya filamu: vichwa vimenyolewa hadi vinang'aa, na juu yake wigi jeusi lililokatwa sawasawa juu ya nyusi. Sababu nazo hutajwa papo hapo, joto na chawa. Maelezo hayo yana asili yake. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri karne ya 5 K.K., alisema makuhani walinyoa mwili mzima siku moja na kuruka moja, ili wasiihudumie miungu wakiwa na chawa wala uchafu. Lakini hapo alisema makuhani. Sharti la hekaluni limebebwa likavishwa watu wote, wakulima na watoto na mabibi, wa nchi iliyodumu miaka 3,000.

Nywele zenyewe ni shahidi bora kuliko mgeni, na mchanga mkavu wa huko umetutunzia nyingi. Amarna, mji aliojenga Farao Akhenaten karne ya 14 K.K., una makaburi ya watu wa kawaida, na mwaka 2014 mtaalamu Jolanda Bos alieleza alichokikuta humo: mwanamke aliyesukwa na kuongezewa vipande vya nywele vipatavyo 70, vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Vilifungwa kwenye nywele zake mwenyewe, na kwa hiyo kipara hakikuwepo. Huenda mtu akasema alipambwa kwa ajili ya kuzikwa tu. Hata kama ni hivyo, msusi aliyemshughulikia hakujifunza kazi ile msibani. Mkono mwepesi namna hiyo hutokana na vichwa vingi vya walio hai. Tena utafiti wa mwaka 2011 uliochunguza maiti zilizokauka ulikuta nywele za wengi zimepakwa mafuta, na mafuta hayo hayakuwa zile dawa za kuhifadhia mwili. Mtu alizikwa na mtindo wake, na aliyemzika alijali usiharibike.

Chawa, basi? Walikuwepo kweli, wamepatikana kwenye maiti, na vitana vya meno membamba vimechimbuliwa pia. Ila chawa wa kichwani hutaga kwenye unywele, wala hana la kufanya kwenye kipara, kwa hiyo kila yai lililokutwa linashuhudia kichwa chenye nywele. Hoja ya joto ndiyo dhaifu zaidi. Liangalieni wigi lililoko British Museum, la miaka ya 1400 K.K. hivi: juu limejaa mawimbi ya nywele za rangi ya kahawia iliyofifia, na chini yake inaning'inia misuko myembamba kama 300, kila mmoja una nywele za binadamu zipatazo 400, zote zimeshikwa kwa nta ya nyuki na utomvu wa miti. Anayekimbia joto hajitwishi mzigo kama huo. Huo ulivaliwa uonekane, na aliyeuona alijua ni saa ngapi za kazi zilizomo ndani yake, na kwamba mvaaji aliweza kuzilipia.

Ni kweli waliokuwa na uwezo huo walikuwa wachache, na kunyoa nako kulikuwepo mitaani: maandishi ya shule ya zamani yanamcheka kinyozi anayezunguka mtaa kwa mtaa hadi jioni akitafuta kidevu cha kunyoa. Mfano huo unaonyesha tu kwamba wembe na msuko viliishi pamoja, na aliyechagua kimojawapo alichagua pia watu wamhesabu wapi. Kwenye jeneza la mawe la Kawit, mke wa Farao Mentuhotep II, bibi huyo ameketi na kioo mkononi, anakunywa, na nyuma yake mwanamke anaweka shungi mahali pake. Katika kaburi la malkia Neferu, wa enzi hiyohiyo, msusi amechongwa akiwa kazini, na jina lake limeandikwa: Henut.