Tembo wa Bariadi si tembo wa Oysterbay

Na Mwandishi Wetu

MTOTO anayechunga ng'ombe katika vijiji vya Bariadi hasubiri mwalimu wa ufinyanzi. Mvua zikianza na udongo mweusi wa mbuga ukalainika, huketi chini ya mti, akachota donge, na kabla mifugo haijafika kwenye lambo huwa amekwisha kuumba zizi zima: fahali mwenye nundu, ndama, mbwa, na mara nyingine fisi wa kuwatisha wote. Jioni huliacha papo hapo. Jua la siku mbili hulipasua, na mvua inayofuata hulirudisha kuwa tope.

Kazi ya namna hiyo hiyo, ikiumbwa na mtu mzima na kuwekwa juu ya meza nyeupe katika ukumbi wenye taa nzuri mjini Nairobi au London, huitwa sanaa ya kisasa. Watu husafiri kwenda kuitazama, na wenye uwezo hulipa fedha nyingi kuimiliki. Msomaji anayeona jambo hilo kuwa kichekesho hayuko peke yake, lakini lina sababu zake.

Ukumbi wa sanaa ya kisasa si makumbusho. Makumbusho huhifadhi vitu vya waliotutangulia na kuvieleza. Ukumbi wa sanaa huonyesha kazi za watu ambao aghalabu bado wako hai, huzibadilisha kila baada ya wiki au miezi kadhaa, na humwachia mtazamaji aamue mwenyewe kama anachokiona kina maana. Ndani ya kumbi hizo, kazi zinazochezea mambo ya utoto na maumbile ya asili zimekuwa na mahali pake kwa zaidi ya miaka 100. Mchoraji Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi, alipoanza kuandika orodha ya kazi zake mwaka 1911, aliiingiza humo michoro aliyoichora akiwa mtoto na kuihesabu sawa na ya utu uzima. Hoja yake haikuwa kwamba kila mtoto ni msanii mkubwa. Aliona kwamba mtoto huchora anachokijua kabla hajajifunza kuchora anachotakiwa kukijua.

Afrika Mashariki ina mifano ya karibu zaidi. Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1984, alitamani miwani alipokuwa mdogo, na baba yake akamjibu kwamba kama anaitaka ajitengenezee. Alijitengenezea kwa waya na mabati yaliyookotwa, na hajaacha hadi leo. Miwani hiyo, ambayo humfanya mvaaji aonekane nusu mdudu nusu mashine, imezunguka kumbi za mabara kadhaa. Kampala, Bruno Ruganzu Tusingwire alijenga uwanja wa michezo ya watoto kwa chupa za plastiki na takataka nyingine, katika mtaa ambao watoto wake hawakuwa na bembea hata moja. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya kimataifa mwaka 2012. Katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, kikundi cha Wajukuu kilichoanzishwa mwaka 2004 kimekuwa kikiwafundisha watoto kuchora, na mwaka 2022 kilialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta, ambayo ni miongoni mwa makubwa kuliko yote duniani. Mlangoni walijenga njia ya giza kwa mabati yaliyochakaa, mgeni apite humo kwanza kabla ya kuingia ukumbini.

Hao wote ni watu wa mijini, na vifaa vyao ni vya mjini: waya, mabati, chupa. Mtoto wa Simiyu ana udongo, mabua ya mtama, kandambili zilizokatika anazozigeuza kuwa magurudumu, na wanyama.

Hapo kwenye wanyama ndipo pana jambo zito.

Picha ya mnyama inayojulikana zaidi kutoka Tanzania ni ile ya mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia rangi za mafuta za bei nafuu, za aina inayopakwa kwenye baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini, na kazi zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wenye fedha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani kuwa ni mhalifu anayekimbia. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Tembo wa Tingatinga ana macho makubwa, madoa ya rangi na uso wa upole. Anatembea juu ya ardhi isiyo na shamba la mtu.

Haitakuwa haki kumlaumu Tingatinga mwenyewe. Alikulia Tunduru, na mtu wa Tunduru hahitaji kuelezwa mnyama wa porini ni kitu gani. Lakini soko lililomzunguka lilitaka mnyama wa kufurahisha, na kwa miaka zaidi ya 50 limeendelea kumtaka huyo huyo. Matokeo yake ni kwamba watoto wetu wa mjini, na hata wachoraji wetu wengi, wamejifunza kuiona nyika kwa jicho la mgeni aliyesimama Oysterbay.

Tembo wa Simiyu ni mwingine. Mkoa huo, uliozaliwa rasmi mwaka 2012 na wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022, unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba Maswa. Katika vijiji vya Busega, Bariadi, Itilima na Meatu vilivyo karibu na mipaka hiyo, tembo huingia mashambani usiku, hukanyaga pamba, hula mahindi na kubomoa maghala ya chakula. Watu hupiga madebe na kuwasha moto. Sheria ina majina mawili yanayojulikana vizuri vijijini: kifuta jasho, kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kanuni zake ni za mwaka 2011. Wanaolipwa hulalamika kwamba fedha ni kidogo na hufika kwa kuchelewa, na jina lenyewe linakiri kwamba malipo hayo si fidia.

Mtoto anayelala huku akisikia madebe yakipigwa atachora tembo wa namna gani? Huenda akamchora mkubwa kuliko nyumba. Huenda akamchora bila macho, kwa kuwa gizani macho hayaonekani. Au atamchora akiwa amekaa mezani anakula ugali wa familia, kwa sababu watoto hucheka hata kile kinachowatisha, na mzaha huo una habari nyingi kuliko taarifa ya ofisi ya wanyamapori. Michoro ya aina hiyo ikitundikwa ukutani Bariadi, mzazi ataitambua mara moja. Ikitundikwa Dar es Salaam, mkazi wa jiji anayemjua tembo kwa kalenda na televisheni atalazimika kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya kutundika picha ukutani ni ya kuletwa, hayana asili Usukumani. Historia inasema vingine. Mwaka 1953 kilichapishwa London kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kuhusu picha zilizochorwa ukutani na wacheza nyoka. Waganga na wachezaji hao walizichora katika nyumba walimofundishia wanachama wapya: nyoka, watu, jua, mwezi. Zilikuwa za kuelimisha, na nyingi zina mzaha usiofichika. Ukuta wa udongo wenye picha za mnyama anayeweza kukuua, uliochorwa na watu wanaocheza naye, ni jambo la Usukumani kabla halijawa la ukumbi wowote.

Ngoma nazo zinathibitisha hivyo. Vyama viwili mashuhuri, Bagika na Bagalu, vinavyotokana na Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wa karne ya 19, hushindana uwanjani kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo kila upande hubuni vituko: chatu hai, nungunungu, vinyago vya mbao vyenye mikono inayochezeshwa, mavazi ya kuwashangaza watazamaji. Mtazamaji akichoka huhama tu. Nathubutu kusema kwamba hakuna ukumbi wa sanaa duniani wenye wahakiki wakali kuliko umati wa Wasukuma katika mashindano hayo.

Mashindano ya Bulabo, neno lenye maana ya maua, hufanyika kila mwaka Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyotokana na juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee wa Kisukuma, na kufunguliwa mwaka 1968. Moja ya majengo yake limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mtu wa Bariadi hufika huko kwa kupita Lamadi na Magu, safari isiyo ya kutisha kwa mtu mzima mwenye nauli. Kwa mwanafunzi wa darasa la tatu wa Itilima ni mbali, na hata akifika atakuta vitu vya mababu zake, si vyake.

Shuleni hali imeanza kubadilika kwenye karatasi. Mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza kutumika mwaka 2024, una somo la Sanaa na Michezo. Ni hatua. Hata hivyo, katika madarasa mengi ya nchi hii, kuchora bado maana yake ni mwalimu kuchora kikombe ubaoni na watoto 80 au zaidi kukinakili. Mtoto aliyeumba zizi zima Jumamosi hupata alama tano kwa kumi Jumatatu kwa sababu mkono wa kikombe umepinda.

Wala tusiupambe uchungaji. Mtoto aliyeko machungani saa nne asubuhi ya siku ya shule yuko mahali pasipo pake, na uzuri wa ng'ombe wake wa udongo haumrudishii kipindi cha hesabu alichokosa.

Jaribio la kuweka ukumbi wa sanaa kijijini si geni Tanzania. Katika miaka ya 1960, mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alianzisha ukumbi uliopewa jina la Kibo kwao Kilimanjaro, na akaipa michoro ya watoto heshima sawa na ya wakubwa. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Moto uliozuka huko mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwamo, hasara ambayo Afrika Mashariki haijapata kuihesabu vya kutosha. Dar es Salaam, Nafasi Art Space iliyoanza mwaka 2008 huko Mikocheni imewapatia wasanii karakana ndani ya makontena ya meli. Hilo la makontena lina somo: jengo la fahari si sharti.

Kwa Simiyu, ugumu wa kwanza ni wa kiufundi. Udongo wa mbuga hunyonya maji mengi na kuvimba, na ukikauka husinyaa sana, ndiyo maana ng'ombe wa mtoto hupasuka. Wafinyanzi wa vyungu wanajua dawa yake: kuchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyosagwa, kukausha kivulini polepole, kisha kuchoma kwa mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Udongo uliokolea moto kwenye nyuzi 600 na zaidi haurudi tena kuwa tope. Mama mfinyanzi mmoja na shule moja wanaweza kuanza kwa gharama ya kuni.

Ugumu wa pili ni wa ndani zaidi. Mtoto akijua kwamba ng'ombe wake atatazamwa na mkuu wa wilaya, ataanza kumuumba wa kumpendeza mkuu wa wilaya. Wachoraji wa Tingatinga walikutana na mtego huo huo kwa watalii. Anayeandaa maonyesho hana budi kuchagua kazi zilizokwisha kufanywa kwa ajili ya mchezo, asitangaze shindano lenye mada ya “Tutunze Mazingira” na zawadi ya baiskeli.

Mahali pa kuonyeshea papo, tena pengi. Simiyu ni mkoa wa pamba, na vyama vya msingi vya ushirika vina maghala yaliyotapakaa vijijini. Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei, na pamba ikishaondoka kuelekea viwandani, kuta hizo ndefu hubaki bila kazi kwa miezi kadhaa, ikiwamo ile ya mvua ambayo udongo hufinyangika. Tahadhari moja ni ya lazima: mengi ya maghala hayo huhifadhi viuadudu vya pamba katika miezi hiyo hiyo, na mtoto hapaswi kuingia humo. Litafutwe lisilohifadhi sumu, au lenye chumba kilichotengwa kabisa, lifagiliwe, na mbao chache ziwekwe juu ya matofali kuwa meza. Kisha viongozi wa ushirika waombwe ufunguo, na waelezwe kwamba watakaofika kutazama ni watoto, mama zao, na labda wachache wa mjini waliosikia kwamba Bariadi kuna tembo asiye na macho.