Kivu: Kabla ya kuchagua programu ya kuchora plani, uliza kwanza nani atafungua fishie

Siku hizi, mtu anayetaka kujenga Goma, Bukavu ao Butembo anaanza na picha. Anaipata kwa WhatsApp: nyumba ya etaji moja, vioo vya buluu, majani ya kijani mbele, gari limesimama kwenye parsele ambayo kwa kweli ingali imejaa mawe ya volkano. Picha imetengenezwa na kijana mwenye kompyuta ndogo, na mara nyingi ndiyo inayomfanya mwenye parsele atoe feza ya kwanza. Kisha fundi anafika. Anauliza msingi unashuka kadiri gani, nguzo ziko wapi, ngazi ina vidato vingapi. Simu haina jibu.

Picha na plani ni vitu viwili, na programu nyingi zinazouzwa ao kugawanywa kwa flashi mjini zinafanya kimoja vizuri kuliko kingine. Vijana wanaosoma ujenzi katika shule kama IBTP ya Butembo ao ULPGL ya Goma, na wale wanaojifunza peke yao kwa video za YouTube, wanakutana wote na ulizo moja: nijifunze programu gani? Jibu la kawaida ni ile anayotumia rafiki. Jibu hilo lina akili yake, lakini halitoshi.

AutoCAD ndiyo ya zamani na inayojulikana zaidi. Ilitoka Marekani mwisho wa mwaka wa 1982, wakati kompyuta za mezani zilikuwa bado changa. ArchiCAD ilizaliwa miaka hiyo hiyo ya 1980 huko Hungaria, katika kampuni Graphisoft ya mji wa Budapest. Revit na SketchUp zilitoka zote mbili mwaka wa 2000. Revit ilinunuliwa mwaka wa 2002 na Autodesk, kampuni ile ile ya AutoCAD. SketchUp ilinunuliwa na Google mwaka wa 2006, na tangu 2012 iko mikononi mwa kampuni Trimble.

Tofauti yao kubwa iko katika namna zinavyoelewa ukuta. Kwa mchoraji wa AutoCAD, ukuta ni mistari miwili. Akibadili upana wa mlango kwenye plani, lazima aende mwenyewe kuubadili kwenye kupe na kwenye fasadi, na akisahau, fundi atakuwa na karatasi mbili zinazopingana. ArchiCAD na Revit zinajua kama ule ni ukuta wenye unene, urefu na kimo. Mlango ukibadilishwa mahali pamoja, unabadilika kila mahali. SketchUp inasukuma na kuvuta umbo kama udongo, na mtu anaweza kuijifunza kwa siku chache. Ndiyo maana inapendwa na wale wanaouza picha. Lakini kutoa kutoka kwake karatasi yenye vipimo vyote, ambayo fundi anaweza kufuata, ni kazi ya pekee ambayo wengi hawaifiki.

Fishie inaenda wapi?

Mchoraji hafanyi kazi peke yake. Plani yake, yaani fishie aliyotengeneza, itaenda kwa injenia atakayehesabu feri ya betoni, kwa ofisi ya urbanisme inayotoa ruhusa ya kujenga, kwa sekretariati inayoprinti, na pengine kwa shirika linalolipa kituo cha afya ao shule. Injenia akiomba DWG, anaomba namna ya fishie ya AutoCAD, ambayo imekuwa kama lugha ya biashara ya kazi hiyo. Mtu anaweza kuchora kwa programu anayotaka, lakini asipoweza kutoa DWG safi ataachwa nje ya kazi nyingi.

Hata DWG ina matatizo yake. Kila baada ya miaka fulani Autodesk inabadili muundo wa fishie hiyo. Ule ulioletwa na AutoCAD 2018 haufunguki katika AutoCAD 2010 ambayo injenia mwingine bado anaitumia. Dawa ni ndogo: wakati wa kuhifadhi, mchoraji achague toleo la zamani. Inachukua sekunde tano. Kwa kutojua jambo hilo, watu wanapoteza siku nzima wakisema fishie imeharibika. ArchiCAD ina shida inayofanana: fishie ya toleo jipya haifunguki katika la zamani, na anayetaka kugawana kazi mara nyingi anaitoa kwa DWG ao kwa IFC, ambayo ni muundo wazi unaosomwa na programu nyingi za majengo.

Kwa mwenye parsele na fundi, PDF inatosha. Lakini itumwe kwa WhatsApp kama dokima, si kama picha. Picha inapunguzwa na vipimo vidogo vinakuwa madoa.

Feza, na programu za kuvunja

Tangu mwaka wa 2016 Autodesk iliacha kuuza AutoCAD kwa malipo ya mara moja. Sasa ni abonema, na bei yake Marekani ni karibu dola 2000 kwa mwaka. Mchoraji wa mtaa, ambaye mteja wake anabishana hata juu ya dola 50 za plani, hawezi. Hata aliye na feza anahitaji karte ya benki inayokubaliwa kwenye intaneti, na wakaaji wa Goma hawajasahau vile benki zao zilifunga milango mwaka wa 2025.

Basi wengi wanatumia programu iliyovunjwa, inayopita kutoka flashi hadi flashi. Kila mtu anajua, na hakuna haja ya kuwahubiria. Kinachosemwa kidogo ni hatari yake kwa kazi yenyewe. Mwezi wa Juni 2012, kampuni ya usalama wa kompyuta ESET ilitangaza virusi inayoitwa ACAD/Medre, iliyoenea hasa Peru. Iliingia pamoja na fishie za AutoCAD, na kila mchoro uliofunguliwa ilituma nakala yake kwa barua pepe hadi kwenye anwani zilizofunguliwa China. Makumi ya maelfu ya michoro yalikwenda hivyo bila wenyewe kujua. Virusi za namna hiyo zinajificha katika vifishie vidogo vinavyoambatana na DWG, na programu ya kuvunja, ambayo kwa kawaida inaagiza kwanza uzime antivirusi, inazifungulia mlango.

Wanafunzi wana njia nyingine. Autodesk inawapa wanafunzi na walimu AutoCAD na Revit bure kwa mwaka mmoja, unaoweza kurudiwa, wakileta ushahidi wa kwamba wameandikishwa shuleni. Graphisoft pia inawapa wanafunzi ArchiCAD. Sharti ni moja: ni kwa kujifunza, si kwa kazi ya kulipwa. Anayemaliza masomo leo anajikuta kesho ana ujuzi wa programu ambayo hawezi kuilipia, na hilo kampuni hizo zinalijua vizuri sana.

Kuna za bure kabisa, ambazo hakuna anayezivunja kwa sababu hazina kufuli. LibreCAD inachora plani za kawaida, bila 3D. Ni nyepesi, na hata kompyuta ya okazioni yenye miaka kumi inaibeba. FreeCAD, iliyoanzishwa mwaka wa 2002, inafanya umbo zima, na toleo lake 1.0 lilitoka Novemba 2024 likiwa na sehemu ya kuchora majengo ndani yake. Zote mbili zina menyu za Kifaransa na hazihitaji intaneti zikishapakuliwa. Udhaifu wao ni ule ule: DWG. FreeCAD inahitaji programu nyingine ya kuigeuza, na LibreCAD inapendelea DXF, muundo ambao AutoCAD yenyewe inaweza kutoa. Kwa kijana anayefanya kazi na injenia mmoja ao wawili anaowajua, na wanaokubali DXF, udhaifu huo si mkubwa. Kwa anayetafuta kazi katika kampuni kubwa ya barabara ao ya migodi, AutoCAD itaulizwa siku ya kwanza.

Umeme nao unachagua. SketchUp ya bure siku hizi inafanya kazi ndani ya intaneti, na mega zikiisha kazi inasimama. Programu za 3D zinakula betri, na umeme ukikatika kompyuta isiyo na betri nzuri inazimika na saa mbili za kazi. AutoCAD inahifadhi nakala yake ya siri kila dakika 10 kama haijabadilishwa. Ni vizuri kuiteremsha hadi dakika 3 ao 5, na kujua ni katika dosie gani nakala hizo zinalala.

Ngazi ndiyo mtihani

Anayetaka kujua kama mchoraji anajua kazi, amuonyeshe ngazi. Tuchukue chumba chenye kimo cha mita 2,86 na dali ya betoni ya sentimita 20 juu yake. Kutoka sakafu hadi sakafu ni sentimita 306. Kidato cha sentimita 17 ni kizuri kwa mguu, kwa hiyo vinahitajika vidato 18. Sheria ya zamani ya Mfaransa Blondel inasema kimo cha kidato mara mbili, pamoja na upana wa kukanyagia, viwe kati ya sentimita 60 na 64. Kwa 17, upana wa 28 unatoa 62. Vidato 18 vina nafasi 17 za kukanyaga, na 17 mara 28 ni mita 4 na sentimita 76. Karibu mita tano za urefu, bila kuhesabu mahali pa kusimama chini na juu.

Katika picha ya WhatsApp, ngazi hiyo imechorwa mara nyingi katika mita mbili na nusu, kwa sababu ilichukuliwa tayari kutoka intaneti na kupunguzwa mpaka iingie. Ukigawanya sentimita 250 kwa 17, kila kidato kinabaki na upana wa chini ya sentimita 15: nusu ya mguu. Hiyo ni ngazi ya kuangusha bibi. Fundi atagundua wakati dali imekwisha kumwagwa, na atajitahidi kwa kula sehemu ya sebule.

Ni hapa 3D inalipa gharama yake. Kwa programu inayojua vipimo, mchoraji anakata nyumba katikati ya ngazi na kuona kama kichwa cha mtu kitapita chini ya dali. Bukavu, ambako parsele zinateremka hadi ziwa, kukata hivyo kunaonyesha pia kama mlango wa nyuma utafungukia hewani. Mchoraji wa AutoCAD anaweza kufanya kupe hiyo kwa mkono, na wazee wa kazi waliifanya kwa penseli. Tatizo ni wale wasioifanya kabisa.

Kuna jambo ambalo hakuna programu kati ya hizi italifanya peke yake. Ukichora nguzo ya sentimita 15 kwa 15 chini ya etaji mbili, AutoCAD haitakataa. Haijui uzito. Kuhesabu betoni na feri ni kazi ya injenia, na anatumia programu nyingine, kama Robot ya Autodesk. Bukavu inakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 na nyumba zilizopasuka siku hiyo. Mchoro mzuri wa nguzo nyembamba ungali mchoro mzuri hadi ardhi itakapotikisika.

ArchiCAD na Revit zinaweza pia kuhesabu vifaa, na hapo debi inakuwa ya haraka. Ukuta wa mita 10 wenye kimo cha mita 3 unahitaji karibu bloki 350 za sentimita 40 kwa 20. Mlango wa kawaida na dirisha moja vinaondoa karibu 39. Lakini programu inahesabu kile kilichochorwa. Ukuta ukichorwa mara mbili mahali pamoja, kosa ambalo jicho halioni, mwenye nyumba atanunua bloki mara mbili.

Mwisho ni kuprinti, mahali ambapo kazi nzuri inaharibika kwa kubonyeza mara moja. Kwa kipimo cha 1/50, chumba cha mita 4 kinakuwa sentimita 8 kwenye karatasi. Kwa 1/100, sentimita 4. Katika sekretariati, kijana anachagua „ajuster” ili mchoro ujaze A3, na kipimo kinakufa, ingawa karatasi bado imeandikwa 1/50. Fundi anayepima kwa rula anajenga chumba kingine. Mchoraji mwangalifu anaweka kwenye kila karatasi mstari mmoja wa sentimita 10 kamili, ili yeyote aupime kabla ya kuanza.

Mwenye parsele naye ana haki ya kuomba zaidi ya picha: plani, kupe mbili ambazo moja inapita kwenye ngazi, fasadi, msingi, na fishie yenyewe, DWG ao IFC, pamoja na PDF, vyote kwenye flashi yake. Wengi hawaombi. Baada ya miaka mitatu, akitaka kuongeza etaji na yule kijana amehamia Kampala ao amepoteza kompyuta, atalipa mchoraji mwingine aje na mita kupima nyumba upya, chumba kwa chumba.